Mama Mkubwa Alipohesabu Mabibi

Fundi viatu mmoja, Mwarabu, alibandikwa jina la Nasaba, maana hakugongei kisigino cha kiatu mpaka akutajie babu zake, kutoka kwa baba yake hadi kwa Ismaili mwana wa Ibrahimu, na misumari imo mdomoni. Hata nzi wa duka lile waliijua orodha.

Duka la mbele yake lilikuwa la fundi miwani, Myahudi, naye akimjibu kutoka ng'ambo ya ujia. Wakibishana kutwa. Waarabu wa leo ni wale wale wa jangwani, au ni watu wengi walioshika lugha moja? Wayahudi wa leo ni wale wale waliotoka na Musa, au njiani waliokota wakwe? Kila mmoja alikuwa na hakika ya kwake na shaka ya mwenzake. Chai, lakini, wakinywa birika moja.

Ubishi ukaingia nyumbani siku binti yake Nasaba alipoposwa na mwoka mikate, kijana mpole asiyemjua hata babu wa babu yake. Nasaba akatoa sharti mbele ya watu: binti yake haolewi ila na mtu wa damu moja pande zote, kama yeye. Binti akalia mpaka mto ukaota uyoga.

Siku ya jibu kijana akaja na mjomba wake. Nasaba akamwita fundi miwani ashuhudie, kisha akamleta mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake, kikongwe ambaye kifo chenyewe kilishasahau njia ya kwake. Alitaka ahesabu ukoo, wageni waone haya waende zao. Alichosahau ni kwamba katika nyumba ile wanaume hushika mababu, wanawake hushika mabibi, na yeye hakuwahi kukaa akawasikiliza wanawake.

Kikongwe akafumba macho. Yeye na mama yake Nasaba walizaliwa na mshona mapazia. Mshona mapazia alizaliwa na mkunga. Mkunga alizaliwa na mwanamke mrefu aliyegombana na jogoo akashindwa. Na yule mrefu alizaliwa na Myahudi, binti wa mfua fedha, aliyeolewa katika ukoo wao akazikwa humo.

Nasaba alibaki mdomo wazi, meno ya bandia yakachungulia kuona kuna nini. Fundi miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa juu chini.

"Mama mkubwa," Nasaba akauliza, "mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, mwanangu? Wewe kazi yako kunihadithia."

Fundi miwani akanong'ona kwamba kwao Uyahudi hufuata mama, na mama wa mama, na mama wa mama... Akakwama. Hesabu ilimfikisha kwenye kiti cha Nasaba.

"Basi miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nabishana na nani?"

Mjomba wa kijana akashika kofia yake waondoke, maana alidhani sharti liko palepale. Hapo binti akatoka nyuma ya pazia, macho makavu.

"Baba, ulisema damu moja pande zote. Sasa mimi nani atanioa?"

Nasaba akaigeuzageuza mikono yake kama viatu vya mteja asiyemjua. Kisha akainuka, akaichukua ile kofia mkononi mwa mjomba, akaitundika ukutani.

"Kaa, mkwe wangu," akamwambia kijana. "Hatujamaliza."

Akamwomba mama mkubwa aanze tena, polepole, na safari hii hakutia neno.