Mfupa Niliouficha Kwenye Droo

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Niliwaza, nikawaza tena, nikapanga, ndipo nikatenda. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema.

Mimi ni binti wa milima ya Usambara, nimemaliza chuo miaka michache iliyopita. Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba kidogo cha hospitali moja ya huku Lushoto, na printa ya 3D, ile isiyochapa maandishi bali vitu. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Mtu akivunjika vibaya, nilipokea picha zake za siti skani nikachapa mfupa wake kama ulivyo, na nyufa zake zote. Daktari bingwa aliushika mkononi, akakunja vyuma vikae sawasawa juu yake, ndipo akampasua mgonjwa akijua anachokwenda kukuta.

Bingwa huyo hakai huku. Anapanda mlimani kila baada ya wiki mbili. Mfupa wa plastiki usipokuwa tayari, mgonjwa anangoja safari nyingine. Lishike hilo, kwa sababu mimi nililishika.

Sasa adui yangu. Ni mtendaji wa kijiji chetu, kule juu upande wa Mlalo. Kabla sijapata kazi, nilipata nafasi ya kwenda kusoma nje, kujifunza kuchapa vyuma vyenyewe vinavyobaki mwilini. Nilichokosa ni barua ya utambulisho yenye muhuri wake. Ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba yake. Nilikwenda asubuhi, akasema, "Njoo kesho." Nikaenda kesho yake. "Njoo kesho." Muhuri uko mezani, nauona.

Hakutaka rushwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Rushwa ningeielewa. Alitaka tu nikae pale.

"Binti msomi," alikuwa akiniambia mbele ya watu, "huko chuo hawakuwafundisha kusubiri?"

Watu wanacheka. Na mimi nacheka nao, mjinga mimi, nikidhani nikicheka atagonga. Aligonga nafasi ikiwa imeshafungwa.

Mtu mmoja tu wa nyumba ile alinitendea wema, mke wake. Nitamwita Mama Hadija. Kila nilipokaa barazani alitoka na chai na viazi vya kuchemsha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kula, mwanangu. Usisubiri na njaa."

Miaka ikapita. Siku moja nainua macho, mtendaji yuko mlangoni kwangu, kofia mkononi. Mkewe yuko nyuma yake, mkono umening'inizwa kwa khanga. Aliteleza kwenye matuta na tenga la kabichi kichwani, na mfupa wa juu ya kiwiko ukapasuka vipande.

Ungeniuliza siku ile nilimwona nani, ningekujibu: yeye. Kofia yake, masharubu yake. Ule mkono niliuona kama mzigo wake yeye.

Shikamoo niliwapa, maana huku kwetu hata adui hupewa, ila ilitoka bila uhai.

Mfupa niliuchapa. Nilifanya kazi nzuri kuliko siku zote, na hilo linanitisha mpaka leo. Kesho yake ulikuwa tayari, mweupe, kila ufa mahali pake. Nikaufunga kwenye kitambaa, nikauweka droo ya chini. Walipokuja kuulizia nikasema, "Njooni kesho."

Utamu wa neno lile siwezi kuuficha. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima nikienda kazini. Nilitamke polepole au haraka? Nimtazame usoni au nitazame kompyuta? Nikachagua kompyuta, kama yeye alivyokuwa akitazama muhuri wake.

Wakarudi. "Njooni kesho, mashine inasumbua." Wakarudi tena. Nikasingizia umeme. Bingwa akaja, nikamwambia picha zina kasoro, nasubiri nyingine. Akaniamini. Akasema heri tungoje kuliko kumpasua kwa kubahatisha.

Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu, mtendaji akasirike. Agonge meza, au aombe, akumbuke. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Kwani huko ofisini hawakukufundisha kusubiri?"

Unajua alisema nini?

"Hakuna shida, binti yangu. Kazi za ofisi nazijua. Tutakuja kesho."

Na akanishukuru. Aliondoka ameridhika kabisa, maana kwake dunia ndivyo ilivyo: yupo anayekaa mezani na yupo anayerudi kesho. Baraza hakuikumbuka. Aliowaambia njoo kesho ni wengi mno.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona hajaumia vya kutosha, na bingwa alipokuja mara ya pili nikamdanganya tena.

Mara ya tatu bingwa alimwita Mama Hadija mwenyewe, akaupapasa mkono, akaagiza picha mpya. Nilipouona uso wa bingwa nikafungua droo. Aliuweka mfupa wangu kando ya ile picha na havikulingana. Wangu ulikuwa mfupa wa siku ya kwanza. Wa mama ulikuwa umeshaanza kujiunga wenyewe, umepinda. Ilibidi avunje upya palipoungana, na mshipa wa fahamu ulikuwa umenasa mle ndani.

Leo kiganja chake kinaning'inia. Jembe hawezi kulishika. Khanga anafungwa na binti yake.

Alikuwa akija kufanya mazoezi ya mkono. Siku moja akaja chumbani kwangu peke yake, akakaa.

"Mwanangu, ulikuwa umeshamaliza mapema, sio?"

Nikaitazama ile droo ya chini.

"Siku ile ya kwanza uliposema njooni kesho nilishtuka. Nilisikia sauti ya mume wangu."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani utachoka. Yeye akishachekesha watu huchoka, anagonga muhuri. Nikasema na wewe utachoka."

Nikalia. Nikamwambia nitakwenda kwa daktari na kwa mumewe, niwaeleze yote.

"Kwa daktari nenda," akasema. "Kwa mume wangu usiende. Akijua atataka kukulipa, na wewe utataka kumlipa tena. Mimi mkono nimebakiza mmoja."

Kwa daktari nilikwenda. Chumba kile sasa kina mtu mwingine, na ni haki. Jina langu na la kijiji sitaji kwa sababu ya agizo la mama yule. Mumewe sijamsamehe, sitadanganya. Nikipita mbele ya baraza ile moyo unachemka kama zamani. Lakini ndani namwona mkewe akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa goti, nami naharakisha kupita.

Wewe unayekaa nyuma ya meza, na leo amekuja yule uliyemngoja miaka yote. Kabla hujamwambia njoo kesho, mtazame aliyesimama nyuma yake.