Stara na Laini Tatu

Stara binti Bushiri alikuwa ametimiza miaka kumi na saba ya kazi kwenye swichibodi, meza ya kuunganishia simu, mjini Kondoa, na katika miaka yote hiyo kanuni aliyoishika kuliko zote ilikuwa moja: ukishaunganisha watu, toa sikio lako. Mji wenyewe mdogo. Opereta akitaka, atajua nani ameachwa na shehena ya nani imekwama Babati. Stara hakutaka kujua, na majirani zake walimheshimu kwa hilo.

Mwaka ule wa 1993 hakuna aliyekuwa na raha ofisini. Ilisemekana shirika la posta na simu litagawanywa na wafanyakazi wengi watapunguzwa. Msimamizi wao, Bwana Harithi, alikuwa ameagizwa kupeleka majina ya watakaopunguzwa, na tangu hapo kila mtu alichunga mdomo wake.

Jumatatu moja akaingia mkulima aitwaye Gabrieli, Msandawe kutoka upande wa Kwa Mtoro. Mama yake, Anyesi, alikuwa amepotea siku tisa. Bibi huyo alikuja mjini kutibiwa macho, akiongozana na mkwewe, Editha, mke wa Gabrieli. Editha alimwacha stendi akaenda kununua dawa. Aliporudi hakumkuta.

"Umeripoti polisi?" Stara alimuuliza.

"Siku ile ile. Wakaandika kitabuni. Wamepiga hospitali za Dodoma, wanasema hawana mtu wa jina hilo. Nataka nipige mwenyewe."

Stara akamuunganisha, na Dodoma wakajibu yale yale. Kesho yake Gabrieli akarudi, na keshokutwa vile vile. Alikaa na ndugu yake kwenye benchi la kusubiria, wakizungumza Kisandawe kwa sauti ya chini, ndimi zikigonga kwenye kaakaa kama vijiti vikavu vinavyovunjwa.

Alhamisi, baada ya saa tatu asubuhi, iliingia simu ya hospitali moja ya Dodoma ikiomba ofisi ya ustawi wa jamii. Laini ilikuwa inakwaruza, kwa hiyo Stara akabaki kidogo kuhakikisha imeshika.

"Bado tunaye yule bibi asiye na jina," alisema nesi. "Alianguka akiteremka kwenye basi la kutoka huko kwenu. Tumemwandika bubu. Anagonga ulimi tu, kama anayeita kuku."

"Hapa hakuna aliyekuja kuulizia bubu," afisa akajibu. "Mpakieni na wenzake leo, gari linaondoka saa nne na nusu. Huko kambi ya wazee watajua la kufanya naye."

Simu ikakatika. Stara alibaki ameshika waya. Bubu hagongi ulimi namna ile. Kwenye benchi, Gabrieli alikuwa amejiinamia, kofia magotini.

Akisema, atakuwa amekiri kwamba alisikiliza. Meza ya Bwana Harithi ilikuwa hatua sita tu kutoka kwake, na nyumbani alikuwa na mama yake, Salha, asiye na mtu mwingine wa kumtegemea. Akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika arobaini.

Akapiga polisi. Sajini Abbasi akamsikiliza, kisha akasema, "Hospitali ituandikie barua, nasi tutafuatilia."

Akapiga hospitali. Nesi akajitaja kuwa Cecilia. "Polisi waje na barua, dada yangu. Siwezi kumzuia mgonjwa kwa maneno ya simu. Na jina hilo sina."

"Huna kwa sababu hawezi kukwambia! Mwanawe ameniambia Kiswahili chake ni cha salamu tu."

"Gari liko mlangoni, dada. Wanapakia."

Saa nne na dakika kumi na mbili. Stara alimwomba Cecilia asikate, akamwita tena Sajini Abbasi, akamwashiria Gabrieli aingie kwenye kibanda. Halafu akachomeka waya wa pili, na wa tatu, laini zote zikawa moja. Bila ruhusa ya msimamizi, opereta hakupaswa kufanya hivyo.

"Stara!" Bwana Harithi alikuwa amesimama nyuma yake. "Unafanya nini?"

"Naunganisha, bwana." Hakugeuka. "Nesi, mlete bibi kwenye simu. Dakika moja tu."

"Ameshapanda."

"Mteremshe, nakuomba."

Mkono wa simu ukawekwa mezani kule Dodoma. Wote wakasikia viatu vikikimbia, halafu honi. Halafu laini ikanguruma yenyewe.

"Opereta, nina kazi hapa," Abbasi akasema.

"Afande, subiri kidogo."

Honi ikapigwa tena. Bwana Harithi hakuondoka. Ndipo ikasikika pumzi ya mtu karibu na simu, na Cecilia akihema, "Ongeeni, dereva anafoka!"

Gabrieli akaongea. Maneno machache, ulimi ukigonga mara mbili. Akarudia, sasa kwa sauti inayotetemeka. Stara alijikuta amefumba macho.

Sauti ndogo, kavu, ikajibu. Ikagonga, ikaendelea, ikashika kasi kama maji yaliyofunguliwa, na Gabrieli akapiga magoti ndani ya kibanda.

"Anasemaje?" Stara akauliza.

"Anasema..." Akapangusa uso kwa kofia. "Anasema mke wangu asigombezwe. Ni yeye mwenyewe alisukumwa na watu hadi ndani ya basi."

"Sajini Abbasi, umesikia?"

"Nimesikia. Nipeni namba ya wodi, naandika."

"Na mimi nafuta neno bubu," alisema Cecilia. "Bibi anabaki hapa."

Gabrieli alipanda basi la mchana kwenda Dodoma kumchukua mama yake. Jioni ile ile Stara alikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Aliandika wazi: nilisikiliza, kosa ni langu. Ila aliongeza ukurasa wa pili. Polisi wana majina yasiyo na watu, hospitali ina watu wasio na majina, na hakuna anayemsomea mwenzake. Aliomba kila Alhamisi ofisi hizo ziunganishwe dakika kumi, zisomeane sura, nguo na lugha, si majina peke yake.

Bwana Harithi alikaa na karatasi zile siku tatu, kisha akazipeleka zote mbili kwa wakubwa wake. Stara akapewa onyo, likabaki kwenye faili lake. Simu ya Alhamisi nayo ikakubaliwa, kwa majaribio.

Mzee mmoja wa Kolo alipatikana kwa njia hiyo, na maiti ya kijana ikatambuliwa, ikazikwa na watu wake. Wengine hawakupatikana. Bi Joha, ambaye mwanawe Hasani alikwenda kuchimba madini Mererani na hakurudi, alikuja kila wiki kukaa karibu na swichibodi. Stara alisoma kila mara: mrefu, kovu upande wa kushoto wa kidevu. Kila mara jibu lilikuwa hakuna.

Mwaka uliofuata jina la Stara lilikuwamo kwenye orodha ya waliopunguzwa. Hakuambiwa sababu. Baada yake simu ya Alhamisi ilikatishwa, na kwa miezi miwili ofisi zikarudi kuandikiana barua. Kisha Cecilia na Abbasi, ambao hawakuwa wamewahi kuonana, wakaanza kupelekeana orodha kwenye bahasha kwa kondakta wa basi la asubuhi. Stara ndiye aliyekuwa akiipokea stendi na kuipeleka kituo cha polisi kwa miguu, akipitia kwanza kwa Bi Joha kumsomea.