Matanga ya Gunzi la Mahindi

Hadi leo harufu ya samaki mkavu hunipandisha hasira. Ndiyo iliyotangulia kuingia chumbani mwetu mtaani Gatwekera, masika moja mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba na shangazi waliporudi kutoka ushago, kijijini kwetu, walikokwenda kumzika mama. Walirudi na furushi la samaki kana kwamba walikuwa wameenda kutembea tu, vichwa vimenyolewa, viatu bado vina udongo wa huko. Mimi na mdogo wangu Ouma tulikuwa tumeachwa kwa jirani, kwa sababu watoto, walisema, hawana kazi kaburini. Ouma alichungulia mlangoni kuona kama kuna mtu mwingine nyuma yao. "Mama amesafiri," shangazi akamwambia, kisha akainama kuosha sufuria. Kuanzia hapo Ouma hakutamka neno. Hakulia, hakuomba hata maji. Mvua ilipiga mabati usiku kucha, naye alilala macho wazi, ameng'ang'ania kipande cha leso ya mama. Watu wazima wakasifu: mtoto mtulivu, hasumbui.

Asumbue nani, na midomo imekufa?

Aliyemfungua hakuwa mtu mzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijiuwanja cha matope kando ya mtaro, na hapo tulicheza na Zuhura, rafiki yangu Mwislamu aliyetokea mtaa wa Makina. Siku moja Ouma alikuja na gunzi la mahindi, amelifunga ile leso, akalilaza ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Nilielewa mara moja. Nikawa mhubiri, nikamwambia Zuhura awe waombolezaji wote. "Nyinyi mnaweka mtu kwa sanduku?" akashangaa. "Kwetu ni sanda tu." Nikamwambia hii ni matanga yetu, kazi yake ni kulia. "Nilie aje, na simjui huyu mtu?" Hata hivyo alilia, tena kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Tulichimba kwa kijiko, tukaimba, nikachukua udongo kulimwagia kopo. Ndipo Ouma akanishika mkono. "Msimfunike uso," akasema. Sauti ilikuwa nzito, imepata kutu. "Mama haoni." Kisha akalia, kilio kizima cha masika yote ile, na mimi nikamkumbatia pale matopeni nikijua, kwa akili yangu ya utoto, kwamba ndugu yangu amerudi.

Shangazi alisikia kilio akatoka mbio. Hakuuliza. "Mnaita kifo tena? Mnataka nani afuate, baba yenu?" Aliamini kabisa kwamba mtoto akicheza msiba anaualika nyumbani, na mtaa mzima uliamini naye. Alitucharaza kwa mwiko, akamfukuza Zuhura, akatupa gunzi na leso ndani ya jiko. Ouma alisimama akitazama leso ikishika moto. Alifunga mdomo wake. Juma lililofuata shangazi alituhamishia kwake Kawangware, chumba kimoja katika ploti ambayo mwenye nyumba hakutaka kelele za watoto wala michezo uani. Huko Ouma alianza kusema tena polepole, maneno ya kutumwa dukani: ndiyo, hapana, chumvi imeisha. Jina la mama halijapita kinywani mwake tena, na sasa ana mvi.

Mimi sikukubali kufungwa mdomo. Nasema bila haya: nilijisomesha. Nilivuka bahari, nikafua mashuka ya hospitali usiku na kuingia darasani asubuhi, nikarudi na stashahada ya tiba ya watoto kwa michezo. Katika mtaa wetu wote, nitajieni mwingine. Na siku waliponifundisha huko kwamba mtoto mwenye msiba hana maneno ila ana mikono, kwamba anachokichezea ndicho anachokisema, na kazi ya mtu mzima ni kukaa karibu na kumwacha amalize, nilitoka darasani kwa hasira nikasimama kwenye baridi. Jambo hilo Ouma alilijua akiwa na gunzi mkononi. Lilichomwa mbele yangu.

Leo nina chumba changu cha tiba karibu na mtaa wa Olympic, chenye sanduku la mchanga, wanasesere na vikopo. Nilidhani mambo yamebadilika. Wazazi wana runinga na sofa, lakini mwiko ni ule ule. Juzi tu mama mmoja aliyevaa nadhifu alichungulia dirishani akamwona mwanawe, aliyefiwa na babake, akimzika mwanasesere. "Madam! Mtoto anazika watu na wewe umekaa tu? Nakulipa umfunze laana?" Shangazi naye, ambaye bado namlisha kila Jumapili, huwaambia wageni kwamba nilienda ng'ambo kusomea kucheza. Wacha waseme. Yule mama alikuja mbio mlangoni, akausukuma, akaupiga kwa viganja. Haukufunguka. Nilichuchumaa kando ya mchanga nikamwambia mtoto, "Endelea, baba. Hakuna anayeingia."

Mlango huo ni wa mbao nzito, na aliyeutengeneza ni Ouma, seremala wa Kawangware. Nilimwagiza komeo moja kwa ndani. Hakuniuliza la nini. Alipomaliza kazi na kuondoka na sanduku lake la vifaa, nilikuta ameweka mawili.