Aliyeshika Nyuma

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikiona watu wamebeba bamba la plastiki la kibao cha duka. Siku hiyo nilimwonea mwenzangu wivu hadi mate yakawa machungu kinywani, na sikuona haya. Leo ndiyo naona haya.

Nilikuwa kijana, najifunza kazi ya kuandika vibao vya maduka hapa Wete kwa Mzee Khamis, Mungu amrehemu. Miaka miwili nilisugua kingo za plastiki kwa msasa na kuosha brashi. Akaja Kombo kutoka Wingwi, mtoto wa wakulima, na haikupita miezi sita mzee akampa kuandika. Mkono wake ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Watu wakipita husema chanda chema huvikwa pete, nami nasikia kama natukanwa. Kombo hakuwahi kunikosea hata neno. Lakini hasidi hana sababu.

Basi Bi Asha akataka kibao kipana cha duka lake la vitambaa, kipande kizima kisicho na kiungo, kiwe juu ya mlango kabla ya Idi. Plastiki ya ukubwa ule haikuwapo Pemba. Mzee akaagiza Unguja, ikapatikana moja tu, ikaja na meli. Kuandika akapewa Kombo. Mimi nikaambiwa nikasaidie kubeba.

Plastiki kama ile haibebwi na mmoja. Husimamishwa kwa ubavu, mmoja akashika mbele na mmoja nyuma. Wa mbele hutazama njia. Wa nyuma kazi yake ni upepo: akiusikia waja husema "Chini," na wote wawili huilaza. Tulipandisha mlima wa bandarini, Kombo mbele, mimi nyuma, bahari iko mgongoni kwangu. Katikati ya mlima nikausikia upepo shingoni. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikatazama kisogo cha Kombo, nikasema moyoni, acha leo mzee ajue kwamba huyu naye huharibu. Nikanyamaza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Plastiki ilituponyoka, ikapasuka juu ya jiwe, ukingo wake ukamchana Kombo kiganja cha kulia. Alikaa chini njiani akiizuia damu yake, akanitazama.

"Upepo wa ghafla, yakhe," akasema. "Weye hujaumia?"

Afadhali angenitukana.

Mzee Khamis alimfunga mkono, kisha akanivuta kando. "Faki, ulishika wapi?"

"Nyuma."

"Na upepo ulitoka wapi?" Nikageuza uso baharini. "Basi kamwambie mwenyewe. Miye sikusemei."

Nilimwambia. Nilisema upepo niliusikia, na wivu ndio ulionifunga mdomo. Kombo hakusema amenisamehe. Idi ikapita mlango wa Bi Asha ukiwa mtupu, na brashi niliyoitamani nikapewa mimi, mkono wa Kombo ukiwa haujapona. Kila nikisifiwa, nilijiona mwizi.

Plastiki nyingine ilipofika, Kombo alikuja bandarini, vidole bado havikunjiki vizuri. Akaenda kushika nyuma.

"Leo tangulia weye," akasema.

Nilipanda mlima ule kisogo kinanisisimka, nikingoja malipo yangu. Tulipofika katikati nikasikia sauti yake, taratibu kabisa: "Chini." Tukailaza. Upepo ukatupita.

Mwanangu, wivu haukutumi kila mara uende kumpiga mtu. Mara nyingi hukuomba unyamaze tu, na ndipo unapojiona huna kosa. Ukiuhisi, usijidanganye kuwa huna. Msifu mwenzio kwa mdomo wako, hata ikikuuma. Na ukiona baya linamjia, sema papo hapo, maana neno likichelewa halimfai tena.

Mwenyezi Mungu akukunjue moyo, na akuepushe na husuda yako mwenyewe kabla ya husuda za watu. Amin.