Nilikichoma Kiti cha Kaka Yangu

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Nilimwahidi mama yangu mzazi neno moja, nikalivunja. Aliponiuliza, nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba sikulivunja. Mimi! Mimi ambaye baada ya sala ya magharibi nilikuwa nikiketi mbele ya waumini nikiwafundisha habari za amana na uzito wa kiapo.

Jina langu sitalitaja. Aibu nimekwisha kuizoea. Ninalificha kwa ajili ya mama, ambaye hakunituma kuyaanika haya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Mtwara. Ninaishi Shangani pamoja na mke wangu na binti zetu. Kijiji chetu kiko mbele ya Madimba, kwenye njia ya kwenda Msimbati. Huko ndiko anakoishi mama, na huko ndiko lilikokuwa gari.

Gari lilikuwa la kaka yangu Issa, mzaliwa wa kwanza, ambaye kwa jina lake mama huitwa Mama Issa mpaka leo. Lilikuwa gari la michezo, la Kijapani, la zamani, lenye milango miwili, la chini kiasi kwamba mtu hakulipanda bali alilivaa. Taa zake za mbele zilikuwa zimelala ndani ya boneti. Ukiziwasha, ziliinuka kama macho. Watoto wa kijijini wakaliita Chura. Issa alilipata kwa mgeni mmoja wa kazi za gesi aliyekuwa akirejea kwao. Gari la chini vile, kwenye barabara ya mchanga ule! Alikwama, akasukumwa, akacheka, akakwama tena.

"Kaka, niachie nami niendeshe kidogo," nilimwomba siku moja.

"Wewe mtu wa vitabu," akanijibu, "kaa hapo pembeni unisomee hadithi."

Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Baadaye kazi za gesi zilipungua, Issa akavuka Ruvuma kutafuta riziki upande wa Msumbiji. Huko homa ilimkamata, akafa, akazikwa siku ile ile na watu waliokuwa hawamjui. Habari zilipotufikia alikuwa kaburini siku nyingi, na hali ya usalama ng'ambo haikumruhusu mama kwenda hata kuona kifusi. Hakuwa na kaburi la mwanawe. Akabaki na gari.

Lilikaa chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yake, likiliwa na kutu ya chumvi. Kila alasiri mama alifungua mlango wa abiria, akaketi, akazungumza na kiti cha dereva. Alimpa habari za mikorosho, za mihogo, za nani kaoa na nani kaachika. Kabla ya kushuka alimwaga unga wa mtama kidogo chini ya gurudumu la mbele, kama bibi zetu walivyowamwagia wazee wao waliotangulia.

Kiti kile, ndugu msomaji, kilikuwa kimechukua umbo la Issa. Alikuwa na kawaida ya kuegemea upande mmoja, na sponji ilikuwa imebonyea kwa kumfuata. Kitambaa kilikuwa na doa la mafuta ya nywele pale alipolaza kichwa, na ukiinama ulipata harufu yake. Mama hakuwahi kukikalia hata mara moja.

Mimi nikayaona hayo nikakunja uso. Nikamwambia mama kuwa ni shirki. Nikamsomea na aya.

"Mwanangu, mimi simwabudu Issa," alisema. "Mimi nazungumza naye. Wewe huzungumzi na watoto wako?"

"Watoto wangu wako hai, mama."

"Ndiyo maana huna haja ya gari."

Nilishindwa kwa hoja, nikaja kwa hila. Nikamwambia gari linaoza, na mvua mbili tatu zijazo zitalimaliza. Nikamwomba aniachie nilipeleke mjini, nilitengeneze mwenyewe taratibu kwa kipato changu cha ualimu, kisha nilirudishe likiwa linatembea.  Mama akanishika mkono.

"Lichukue. Bati tengeneza, injini tengeneza, rangi paka unayotaka. Kiti chake usikiguse."

"Sitakigusa, mama."

"Nnakupa mwanangu, nawe ni mwanangu."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayasikia ninapofundisha, ninapokula, na ninapotia udhu.

Tukalivuta mpaka Shangani, nikaanza kazi uani. Nilikuwa sina fedha za mafundi wakubwa, nikajifunza kwa kutazama na kukosea. Sakafu iliyotoboka niliiziba kwa bati nililokata kwenye pipa kuukuu. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Vipuri vingine viliagizwa Dar es Salaam vikaja vya gari lingine, nikavichonga vikakubali. Sikuwa na mashine ya kupulizia rangi, nikaazima pampu ya kupulizia dawa mikorosho. Rangi ikatoka madoa madoa!

Jirani yangu Komba, mstaafu wa bandarini, mtu wa Songea, alisimama ukutani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, umelipulizia dawa ya ubwiriunga wa mikorosho! Subiri msimu, litazaa korosho."

"Njoo ushike msasa badala ya kucheka."

"Nije nishike nini? Gari hili lina miaka mingi kuliko ndoa yako, na ndoa yako yenyewe hujawahi kuipaka rangi."

Mke wangu aliyekuwa akianua nguo akasema kwa sauti, "Mwambie, Mzee Komba, mwambie!"

Zilikuwa siku za furaha. Nakiri hilo pia, kwa kuwa furaha ile ndiyo iliyonipofusha. Injini ilipokohoa mara ya kwanza kisha ikashika, nilipiga kelele kama mtoto. Rangi niliisugua yote, nikarudia kwa brashi laini mpaka ikang'aa. Kikabaki kiti.

Nilijiambia kuwa fremu yake imeoza. Kweli ilikuwa imeoza, ila ingeungwa kwa moto ndani ya saa moja tu. Nilijiambia kuwa sponji ina kuvu na itawadhuru watoto. Nilijiambia kuwa ninamwokoa mama na shirki. Sababu zote hizo zilikuwa nguo nilizoivika sababu moja iliyokuwa uchi: nilitaka kuketi mahali pa Issa bila kulihisi umbo lake chini yangu. Kila nilipojaribu kukaa pale niliteleza kuelekea upande wake, kana kwamba kiti kilikuwa kinaniambia, ewe mtu wa vitabu, sogea, pana mwenyewe.

Mke wangu alinikuta nikifungua nati.

"Baba Zuhura, ulimwambia mama nini?"

"Mama hatajua. Nitakivika kitambaa kinachofanana."

"Amemzaa mtu yule. Hatajua alipokuwa akikaa?"

"Hili ni gari, si kaburi."

"Kwako," alisema, akaingia ndani.

Nikakitoa kiti, nikakichana, nikakichomea nyuma ya jiko mchana kweupe. Moshi ukatanda uani, ukaingia madirishani, ukajifunga kwenye nguo zilizoanikwa. Ulikuwa na harufu yake! Jasho, mafuta ya nywele, petroli, Issa mzima mzima. Mke wangu alitoka amejiziba pua kwa khanga, akanitazama. Binti yangu mdogo, ambaye hakumkuta baba yake mkubwa duniani, akauliza, "Baba, nani amekuja?"

 Nikaokota majivu na vyuma, nikaviweka pamoja na takataka, gari la taka likavichukua. Kiti kipya nikakishonea ngozi bandia, nikakijaza sponji ya godoro la binti yangu mkubwa aliyekuwa amemaliza shule ya bweni. Kikawa bapa, kigumu, safi. Nikakikalia. Niliona nimeshinda!

Nikalipeleka kijijini siku ya Jumamosi. Watoto wakakimbia nyuma yangu wakipiga mayowe, "Chura kafufuka! Chura kafufuka!" Mama akatoka jikoni na kibakuli cha unga mkononi, anatabasamu kama msichana. Alilizunguka gari, akapapasa boneti, akanibariki. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaketi kama ilivyokuwa desturi yake. Akanyoosha mkono kwenye kiti cha dereva.

Mkono ukabaki pale. Akabonyeza. Akabonyeza tena upande mwingine.

"Mwanangu, nani amekaa hapa?"

"Ni kiti kile kile, mama. Nimekibadilisha kitambaa tu."

"Kile kile?"

"Kile kile."

"Niapie."

Nilikuwa na nafasi ya kutubu! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nikasema, "Wallahi, mama."

Hakupiga kelele. Alishuka taratibu, akarudisha unga chunguni bila kumwaga hata chembe, kisha akarudi akasimama mbele yangu.

"Walipomzika Issa hawakuniita. Niliwasamehe, walikuwa hawanijui. Wewe unanijua."

Akatandika mkeka barazani, akavua hereni, akafungua nywele, akaanza kulia kama mtu aliyepata habari saa ile. Wanawake wa jirani wakaja mbio. "Mama Issa, nani kafa?" Naye akawajibu, "Issa." Wakadhani akili imemwacha. Kisha wakanitazama mimi na gari langu linalong'aa, nikawaona wanaelewa, mmoja baada ya mwingine. Waliketi naye matanga. Watu walichemsha maji, wakapika, wakalala barazani kwake, kwa kifo kilichotokea zamani ambacho mimi nilikuwa nimekirudia. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenikaribisha mkekani.

Matanga yalipokwisha alikuja Shangani kwa bodaboda. Mke wangu akamwomba aingie. Alikataa kwa upole.

"Nioneshe ulipomchomea," aliniambia.

Nikamwonesha. Ardhi ilikuwa imefagiliwa, imebaki nyeusi kidogo.

"Majivu?"

"Yalichukuliwa na gari la taka, mama."

"Hata majivu."

Sikuwa na la kuapia tena. Akachuchumaa, akachota mchanga ule mweusi kwa mkono, akaufunga kwenye pindo la khanga. Nikamwomba nimrudishe kwa gari. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Asante, mwalimu. Nina usafiri."

Mwalimu! Mama yangu mzazi!

Alikwenda akauzika mchanga ule karibu na mipaka ya shamba, akaweka mawe, na wanakijiji wakamsindikiza. Nilipata habari kwa Komba, aliyezisikia sokoni. Nikaenda siku iliyofuata. Nilimkuta ameinama pale, ananong'ona. Nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu. Karibu." Akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa, akanihudumia kwa heshima yote anayostahili mgeni. Tangu hapo imekuwa hivyo. Nimemwomba radhi kwa magoti, nimetuma wazee, nimefunga saumu za kiapo changu cha uongo. Ameniambia kuwa amenisamehe, nami naamini, kwa kuwa yeye hasemi uongo. Lakini neno lile halijarudi kinywani mwake. Huwaita hivyo mabinti zangu, humwita hivyo mke wangu, hata mwendesha bodaboda humwita mwanangu.

Gari liko uani. Siwezi kuliuza, maana nitamuuzia mtu nini? Mke wangu hapandi. Mara moja moja nililiendesha kando ya bahari, na watu wa zamani walinipungia mkono wakiita, "Issa!" kisha mkono ukaganda hewani walipoona uso wangu. Sponji mpya imeanza kubonyea, nayo inabonyea upande mmoja, na si upande wangu. Alasiri nyingine ninaposahihisha madaftari barazani, jicho moja la Chura hufumbuka lenyewe, likanitazama, likafumba. Najua ni waya. Nimeubadilisha. Bado linafumbuka.

Darasa la msikitini nimeliacha. Nimewaambia koo linanisumbua.

Wewe unayesoma haya, pengine una kaka, au baba, au mtoto aliyetangulia, na nyumbani pana kitu chake ambacho macho yako ya elimu yanakiona ni uchafu au ujinga wa wazee. Pengine una hoja nzuri kuliko zangu. Usikiguse! Nenda kwanza kwa yule anayekitunza, ukae naye chini, umuulize ni nani bado yumo ndani yake, na akikuambia kiache, kiache hata kama kinaoza. Na kama umekwisha kukigusa, na mama yako amekutazama usoni akakuuliza, mwambie kweli saa ile ile, kabla ulimi wako haujapata neno jingine. Angenilaani, angenipiga, angenifukuza mbele ya kijiji kizima. Ningekuwa mtoto aliyelaaniwa, aliyepigwa, aliyefukuzwa. Lakini ningekuwa mtoto.