Moyo wa Povu Umeziba

Dobi alistaafu akiwa na mikono laini kama ya mtoto mchanga na imani moja tu: hakuna doa lisilotoka. Maisha yake yote alifua mashuka ya hoteli, makoti ya mawakili na magauni ya maharusi, na majirani walipombandika jina la Povu alilipokea kama cheo. Sasa aliuza mashine zake, akanunua karavani kuukuu, kile chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, akaifunga nyuma ya pikapu yake ya kubebea nguo. Alitaka kutembea na mkewe kabla magoti hayajawagomea. Miaka yote alikuwa amewafulia watu nguo za safari, na mke wake mwenyewe hajampeleka popote.

Mkewe hakuwa na ugomvi na safari. Ugomvi wake ulikuwa na maji. Alifungua bomba la karavani, akaonja, akatema.

"Yana ladha ya mpira," akasema. "Siku yatakapokuwa maji, niite. Kabla ya hapo, nenda na pikapu yako."

Na mama yule akisema, amesema.

Basi Povu akaenda kwa muuza pampu, dada mmoja mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Kwanza alililia chujio kubwa la maji, la chuma, kwa sababu tu linang'aa. Dada akamwambia kipampu cha karavani hakitaliweza. Akaligeukia la udongo. Hilo, akaambiwa, litapasuka kwenye shimo la kwanza barabarani. Mwisho akapewa dogo la plastiki la kufungwa chini ya sinki, lenye kipande cha mkaa ndani, umbo lake kama gunzi la mahindi, ambacho dada alikiita moyo.

"Usiache maji yalale kwenye tangi, mzee wangu. Na moyo haufuliwi. Ukichoka, unabadilishwa."

Povu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayefundishwa kula na mjukuu wake.

Maji akayaacha yalale kwenye tangi, karavani ikiwa uani, juani. Moyo ukaota utelezi. Sasa dobi mzima aone utelezi akae kimya? Akauloweka, akausugua kwa sabuni ya unga, akausuuza, akaurudisha. Kisha akampikia mkewe chai ya majaribio. Ikafura povu hadi kwenye kisahani.

"Umetia sabuni?"

"Mimi? Hayo ni maziwa tu."

"Chai hii haina maziwa, baba watoto."

Povu akala kona, akajificha nyuma ya karavani na kumpigia simu muuza pampu. Masikio yake yalikwisha kuharibiwa na mashine, kwa hiyo aliiweka simu kwa sauti ya juu. Hakujua kwamba mkewe alikuwa upande wa pili, anaanika mashati.

"Mzee wangu, huo moyo umeziba," simu ikasema. "Kuutibu hakuwezekani tena. Lazima ubadilishwe kabla ya safari."

"Sawa," Povu akajibu. "Ila nakuomba, mke wangu asijue."

Mkewe alisikia yote. Alimaliza kuanika, akaingia ndani. Tangu hapo Povu hakuruhusiwa kuinua hata kikombe. Mayai yakatoweka kwenye sahani yake, chumvi ikafuata. Akisinzia mchana, anaamka na kukuta mkono wa mkewe kifuani.

"Tutasafiri," mama akamwambia. "Maji yakiwa mabaya, tutakunywa hayo hayo mabaya."

Povu akafurahi mno. Alidhani mapenzi ya zamani yamerudi, akaanza hata kupaka mafuta nywele chache alizobaki nazo.

Hadi alipofika mleta mizigo na pikipiki yake, akabisha hodi getini.

"Nimeleta moyo wa mzee. Nani anaupokea?"

Mkewe aliupokea, akaketi kwenye ngazi ya karavani, kifurushi mapajani.

"Wameuleta kwa pikipiki," akasema polepole. "Bila hata barafu."

Hapo ndipo Povu alipoelewa mayai yake yalikokwenda. Shetani akamnong'oneza anyamaze, maana safari ilishakubaliwa. Lakini alipomwona mama yule anavyokikumbatia kifurushi, hakuweza. Akamwaga yote: utelezi, sabuni, simu.

Mkewe akafungua kifurushi, akakitazama kile kigunzi cha mkaa.

"Hiki ndicho nilichokililia?"

"Ndicho."

"Na mayai nikakunyima?"

"Ukaninyima. Na chumvi."

Mama akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Niliogopa sana, baba watoto. Ukinitisha tena hivi, nitakufua wewe."

Halafu akavuta kiti, akakaa kivulini, akamwonyesha ndoo. Moyo mpya hutoa maji meusi mwanzoni, na Povu, aliyekuwa haruhusiwi kuinua kikombe, alibeba ndoo hadi maji yakatoka meupe. Akapika chai, akaileta kwa mikono miwili. Mkewe akanusa, akanywa, akanusa tena. Povu akahisi moyo wake mwenyewe unaziba.

"Maji," mama akasema, akaenda kuchukua mto wake.

Kabla hawajaondoka aliipekua karavani yote, akakusanya sabuni za unga, za kipande na za maji, akazitia kwenye mkoba wake, akapanda nao pikapu na kuukalia.

"Ukitaka kuoga," akasema, "utaniomba."