Kuvuta Kamba

Du, du, du! Mpaka leo nikinusa kamba mpya ya katani dukani, karasha zile za kusaga mawe ya dhahabu zinaanza kunguruma masikioni mwangu.

Nilikuwa nimeacha kuongea. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia mbele ya macho yangu, ingawa wote waliokuwa ndani walitolewa wazima. Majirani walisema nimerogwa. Mama alishaanza kuulizia mganga.

Siku ya gulio likaja gari la huduma ya afya ya akili, likaegeshwa karibu na wauza dagaa. Mama na mjomba wakanipeleka, muuguzi akaniuliza mambo kwa upole. Mimi nikabaki naangalia viatu vyake. Mama akaanza kulia.

"Dada, unalia nini?" mjomba alisema. Yeye alikuwa akizungusha winchi ya kushushia wachimbaji maduarani. "Kule chini nani anaongea? Tunavuta kamba. Moja ndiyo, mbili hapana."

Muuguzi akacheka. "Haya, mjomba, nifundishe kazi!"

Mjomba akaleta kamba mpya ya katani kutoka dukani; muuguzi akashika ncha moja, mimi nyingine.

"Unaogopa kulala?"

Nikavuta mara moja.

"Umerogwa?"

Nikavuta mbili, kwa nguvu mpaka kamba ikamtoka mkononi. Hata mama akacheka, machozi bado mashavuni.

Jioni muuguzi aliniachia ile kamba. "Gulio linalokuja nikirudi, utataka tuongee?" Kabla sijajibu, dereva akawasha gari, wakaondoka.

Vumbi lilipotulia nikarudi nyumbani, nikaenda nyuma ya nyumba, peke yangu. Nikaifunga kamba kwenye mpapai, nikavuta mara moja. Halafu nikaunong'oneza ule mpapai, "Ndiyo."